Konzi ya Majani: Suala la Kipimo katika Tiba ya Asili

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mafua, gesi tumboni, uchovu na homa ndogo hukabiliwa kwanza jikoni, ambako tangawizi hupondwa, mchaichai huchemshwa na majani ya mwarobaini hutiwa chunguni, na ni baada ya siku mbili tatu za kusubiri ndipo safari ya zahanati huanza kufikiriwa. Desturi hii ina watetezi na wapinzani, na ubishi wao umedumu kwa miaka mingi redioni, magazetini na katika vijiwe vya kahawa: hawa wakisema kwamba mimea ni zawadi ya Mungu isiyoweza kumdhuru mtu, na wale wakisema kwamba mambo hayo ni ushirikina uliopitwa na wakati. Pande zote mbili hukosea kwa namna moja, kwa sababu hubishana juu ya mti wenyewe, ilhali linaloamua kama mti huo utaponya, utadhuru au hautafanya lolote ni kipimo, yaani kiasi cha kiambata (kemikali iliyomo ndani ya mmea na yenye kufanya kazi mwilini) ambacho mtu amekipata, kwa muda gani, na katika mwili wa namna gani.

Inafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi hutajwa kwa pamoja. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala iliyopitishwa nchini Tanzania mwaka 2002 inatofautisha tiba asili, ambayo ni maarifa ya uponyaji yaliyorithiwa ndani ya jamii husika na yanayotumia mimea, wanyama au madini, na tiba mbadala, ambayo ni mifumo mingine iliyo nje ya tiba ya hospitali, kama vile tiba ya sindano ya Wachina na homeopathi. Mpaka huo si mgumu kama sheria inavyoudhania, kwani kuumika, yaani kutoa damu kwa pembe au kikombe kilichobandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa, kulifanywa katika miji ya Waswahili kwa vizazi vingi, na leo huduma hiyohiyo huuzwa mijini kwa jina la hijama kana kwamba imeingia juzi. Makala haya yanahusu zaidi mimea, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi na kwa uangalizi mdogo zaidi.

Historia ya kwinini inaonyesha vizuri jinsi kipimo kilivyobadili hadhi ya mti. Magome ya mti wa sinkona, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, yalisagwa na kunywewa kama dawa ya homa barani Ulaya tangu karne ya 17, lakini mgonjwa mmoja alipona na mwingine hakupona, kwa sababu gome la mti huu halikuwa na nguvu sawa na gome la mti ule, na wafanyabiashara hawakuona haya kuchanganya humo magome ya miti mingine iliyo michungu vilevile. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou, walifanikiwa kukitenga kiambata chenyewe na kukiita kwinini, na tangu hapo tabibu aliweza kupima kwa gramu kile ambacho zamani kilikisiwa kwa kijiko. Mti huo una historia pia katika ardhi ya Waswahili: Wajerumani waliupanda katika kituo chao cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, na katika Kivu, mashariki mwa Kongo, mashamba yake yameendelea kulilisha soko la dawa kutoka Bukavu. Wengi waliowahi kutumia kwinini wanakumbuka masikio yaliyovuma kwa siku kadhaa, na mvumo huo ni ushahidi wa kimwili kwamba nafasi iliyopo kati ya kiasi kinachoua vimelea vya malaria na kiasi kinachoanza kumsumbua mgonjwa ni finyu mno.

Finyu zaidi ni nafasi iliyopo katika mimea ya sumu za mishale. Wakati wa msafara wa David Livingstone katika bonde la Zambezi, ulioanza mwaka 1858, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, ambaye baadaye aliishi Zanzibar kwa miaka mingi akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alikusanya sumu ya mishale iliyoitwa kombe, inayotokana na mbegu za mmea unaotambaa. Mswaki wake uliwekwa pamoja na sumu hiyo, na alipousugua menoni alihisi uchungu usio wa kawaida, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Kiasi kilichomwingia kilikuwa chembe tu, lakini kilitosha kuonyesha kwamba kilichomo katika sumu ile kinaugusa moyo moja kwa moja. Thomas Fraser wa Edinburgh alikichunguza zaidi, na kikapatikana kiambata cha strofanthini ambacho kilitumiwa na madaktari wa Ulaya kwa miongo mingi kuwatibu wagonjwa wenye moyo dhaifu. Kiambata cha jamii hiyohiyo, wabaini, kimo katika msunguti, mti ambao wawindaji wa pwani ya Kenya waliutumia kuangushia tembo. Hapa hakuna mti mzuri na mti mbaya: kilichomuua tembo na kilichomsaidia mgonjwa ni kitu kimoja, na tofauti iko katika mizani.

Mfano unaowahusu wasomaji wengi zaidi ni wa mmea uitwao pakanga. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, na mtafiti Tu Youyou akapewa jukumu la kupekua vitabu vya tiba ya jadi ya Kichina. Kundi lake lilijaribu pakanga mara nyingi, na matokeo yakawa ya kigeugeu, leo dawa inafanya kazi na kesho haifanyi. Ufumbuzi ulipatikana katika kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, ambaye hakuagiza majani yachemshwe kama ilivyozoeleka, bali konzi moja iloweshwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu aling'amua kwamba huenda moto ndio ulioharibu kiambata, akatumia kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililowaponya panya na nyani wa maabara. Kiambata hicho, artemisinini, ndicho kilichomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndicho msingi wa dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006 baada ya klorokwini, na kisha dawa za aina ya SP, kushindwa na vimelea.

Simulizi hii husimuliwa mara nyingi na wauzaji wa dawa za mitishamba kama uthibitisho kwamba chai ya pakanga inatosha kutibu malaria, na hapo ndipo hoja inapogeuzwa kichwa chini. Kiwango cha artemisinini hutofautiana sana kati ya shamba na shamba, aina na aina, msimu na msimu, na pakanga inayomea yenyewe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki si ile ya China, bali ni ndugu yake ambaye karibu hana artemisinini kabisa, japo uchungu wake unalingana na ule wa nyota iliyopewa jina hilo katika kitabu cha Ufunuo. Hata majani ya aina iliyo sahihi, yakitiwa maji ya moto kwenye birika, hutoa kiasi kilicho chini sana ya dozi inayohitajika. Mgonjwa anayekunywa chai hiyo huweza kuona homa ikishuka kwa siku mbili, kwa kuwa vimelea vimepungua, lakini waliosalia ni wale walioizoea dawa, na hao ndio watakaozaana na kubebwa na mbu kwenda kwa jirani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya majani ya pakanga, kwa namna yoyote ile, katika kutibu au kuzuia malaria. Tahadhari hiyo si ya nadharia tupu, maana vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimekwisha kuthibitishwa nchini Rwanda, Uganda na katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Usugu huo una vyanzo vingi na si haki kuibebesha chai peke yake lawama, lakini kuongeza dozi pungufu juu ya tatizo lililopo ni kuchezea dawa ambayo kwa sasa haina mrithi wa kutegemewa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mtaalamu wa tiba ya jadi hakujua kupima. Alipima kwa konzi, kwa kata, kwa idadi ya vipande vya mzizi, kwa muda wa chungu kukaa jikoni na kwa siku za kunywa, na mara nyingi aliusoma mwili wa mgonjwa wenyewe: akiendesha mara kadhaa, basi dawa imetosha. Katika pwani, mizani hiyo ilipewa pia nadharia, kwani kupitia tiba ya Kiarabu, ambayo nguzo yake ni kitabu cha Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, Waswahili walipokea fundisho la kwamba mwili huendeshwa na vimiminika vinne, yaani damu, safura, balghamu na sauda, na kwamba ugonjwa ni mojawapo kuzidi au kupungua. Kutokana na fundisho hilo vyakula viligawanywa kuwa vya moto na vya baridi, bila kujali joto lake jikoni au mezani, na mzazi aliyetoka kujifungua akapewa uji wenye pilipili manga ili kuurudishia mwili joto uliolipoteza. Sayansi ya leo haikubali vimiminika hivyo vinne, lakini wazo la kwamba dawa hulinganishwa na mtu, umri wake, msimu na hali yake, ni wazo la kitabibu kabisa, na ndilo lililopotea pale dawa ilipoondoka mikononi mwa mganga anayemfahamu mgonjwa ikaingia katika chupa ya soda inayouzwa stendi ya mabasi.

Kuondoka huko kuna madhara yanayoonekana. Mganga wa kijijini huchimba mzizi yeye mwenyewe, akijua mti, mahali na msimu, wakati mnunuzi wa sokoni hupewa unga wa kahawia ndani ya karatasi ya gazeti, asijue kama ni gome, mzizi au mchanganyiko, umekaa ghalani miezi mingapi, wala kama umeota ukungu. Maelezo ya matumizi huwa kijiko kimoja kutwa mara tatu, kwa mtu mzima na mara nyingine kwa mtoto, na kijiko chenyewe huwa hakitajwi kama ni cha chai au cha mezani, tofauti ambayo ni ya mara tatu.

Tukio lililoidhihirisha hali hii kwa ukubwa usio wa kawaida ni lile la Loliondo. Mapema mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, eneo la Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana zaidi kama Babu, alianza kugawa dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, akieleza kwamba ameoteshwa na Mungu, na foleni ya magari ikanyooka kwa kilomita nyingi porini, ikiwa na wagonjwa kutoka nchi jirani, matajiri na maskini, viongozi na wachuuzi. Malipo yalikuwa shilingi 500 na kipimo kilikuwa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa kila ugonjwa: kisukari, UKIMWI, saratani, pumu na presha. Baadhi ya wagonjwa mahututi walifia njiani au katika foleni, na wahudumu wa afya walipambana na watu walioacha dawa za kufubaza virusi au za kisukari kwa kuamini kwamba wamepona. Mugariga si mti usio na lolote, kwa sababu jamii kadhaa za eneo hilo huuchemsha kama dawa na supu tangu zamani, lakini kikombe kilicho sawa kwa mwenye pumu na kwa mwenye saratani kilikuwa ni ibada iliyovaa sura ya dozi. Walioitetea kama ibada walikuwa na haki yao ya imani, na tatizo lilianza pale ilipochukua nafasi ya kidonge.

Kwa mambo ya kila siku, jikoni pana vitu vichache ambavyo ushahidi wake ni mzuri na hatari yake ni ndogo vikitumiwa kwa kiasi cha chakula. Tangawizi hupunguza kichefuchefu, hasa kile cha miezi ya mwanzo ya ujauzito, na asali huupunguza usiku ukali wa kikohozi cha mtoto, ila isipewe kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kubeba bakteria ambao utumbo wake bado hauwezi kuwahimili na ambao sumu yao hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Karafuu, ambayo Unguja na Pemba zimeishi kwayo, ina yujenoli, kiambata cha kutia ganzi ambacho madaktari wa meno hukichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda, na ndiyo maana karafuu iliyobanwa na jino bovu hutuliza maumivu kweli. Mafuta yake, hata hivyo, ni kitu kingine, kwani yamekusanya ndani ya kichupa kidogo kile kilichokuwamo katika kapu zima, na wameripotiwa watoto waliopoteza fahamu na kuharibika ini baada ya kumeza mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai.

Mshubiri nao una nyuso mbili katika jani moja. Chini kidogo ya ganda hutiririka utomvu wa manjano, ile shubiri ambayo akina mama hupaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa, na utomvu huo una viambata vinavyousukuma utumbo kwa nguvu, kiasi kwamba mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuondoa katika orodha ya dawa za kuharishia zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ute mweupe ulio katikati ya jani hauna ukali huo na hutuliza ngozi iliyoungua. Anayesaga jani zima na kunywa amekunywa vyote viwili, na mjamzito hapaswi kufanya hivyo kamwe. Mwarobaini vilevile hutofautiana kwa sehemu: majani yake huogewa na watu wenye upele bila shida, lakini mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu ni dawa ya kuulia wadudu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliotapika, wakalegea na kupata degedege baada ya kunyweshwa mafuta hayo kwa kiasi kidogo, na baadhi yao wakafariki.

Kuhusu kujifukiza, ambako mwaka 2020 kulihimizwa sana nchini Tanzania kama kinga dhidi ya korona, yatosha kusema kwamba mvuke wa moto hulegeza makamasi na kumpa mtu nafuu ya kupumua, hauui virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya seli, na sufuria la maji yanayotokota chini ya blanketi ni hatari ya kuungua, hasa panapokuwa na mtoto.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba mmea hukutana mwilini na dawa nyingine. Maua ya choya, ambayo wengi huyanywa wakiamini kwamba yanaongeza damu kwa sababu ya wekundu wake, yameonekana katika majaribio kadhaa kushusha shinikizo la damu, jambo jema kwa mwenye presha asiyetumia dawa na jambo la kuangaliwa kwa yule anayetumia, kwani anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa, kwa hiyo baadhi ya dawa za kupunguza lehemu hujilimbikiza katika damu kana kwamba mgonjwa ameongeza vidonge. Vidonge vya kitunguu saumu vilipojaribiwa pamoja na sakwinaviri, mojawapo ya dawa za mwanzo za kufubaza virusi vya UKIMWI, kiwango cha dawa hiyo katika damu kilishuka kwa takribani nusu.

Taasisi za kushughulikia mambo haya zipo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974 na baadaye kikawa Taasisi ya Tiba Asili, sheria ya 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga na dawa zao, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huchunguza kama dawa ina sumu. Mnunuzi anapaswa kufahamu, hata hivyo, kwamba matokeo ya uchunguzi wa sumu huonyesha kuwa kilichopimwa hakina madhara ya wazi, na hayathibitishi kwamba kinatibu ugonjwa uliotajwa kwenye kibandiko. Tena wadhibiti wa dawa katika nchi nyingi wamekuta bidhaa zinazoitwa za asili asilimia mia zikiwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, ambazo huondoa maumivu ya viungo haraka na kuharibu mwili polepole, au na sildenafili katika zile za nguvu za kiume, ambayo kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati huweza kuiangusha presha hadi kifo. Dawa ya mitishamba inayofanya kazi ndani ya dakika 30 yafaa itiliwe shaka zaidi kuliko ile inayochelewa.

Wagonjwa wengi hawasemi wanachokunywa kwa sababu waliwahi kukaripiwa, na wahudumu wengi hawaulizi kwa sababu hawakufundishwa la kufanya na jibu. Mhudumu na aulize bila kukebehi, na mwenye presha, kisukari, virusi vya UKIMWI, mimba au ugonjwa wa figo na ini ataje kila kitu anachokunywa, pamoja na chai ya choya na kijiko cha unga wa mlonge, na ikiwezekana aibebe chupa yenyewe mpaka kwenye chumba cha daktari.